Ukifika Penye Moto

Siku hizi ukiwaambia watoto wa kijiji chetu cha Kola kwamba kuna wakati watu walikuwa wakienda mtoni na kitabu, watakucheka mpaka washike mbavu. Lakini ilikuwa hivyo, na sababu haikuwa elimu. Sababu ilikuwa maji. Mwezi wa Agosti, shule zikishafungwa, mto wetu hubaki mchanga mtupu, na mwenye kutaka maji huchimba shimo, akakaa kando yake, akangoja. Maji ya mchangani hayana haraka na mtu. Yanajikusanya taratibu, unachota kata moja, unangoja tena, na mtungi mmoja unaweza kukumalizia asubuhi nzima. Wengine walingoja wakisengenya. Wengine walisuka vyondo. Nzilani, Syombua na Munyiva walisoma.

Walikuwa wasichana wa sekondari wakati huo, marafiki ambao mama zao walisema hata chawa wao wanajuana. Vitabu vyao vilikuwa vya kuokoteza. Kimoja kilitoka kwa mjomba wa Munyiva aliyekuwa karani Machakos mjini, kingine kilinunuliwa sokoni kati ya sufuria kuukuu na viatu vya mitumba, kingine kilikuja bila jalada na hakuna aliyejua kinaitwaje. Kila mmoja alishuka mtoni na chake, akakisifu kama mtu anayeuza ng'ombe mzee. Na walikuwa na sheria. Ukisifu kitabu, usiseme mwisho wake. Na uliyeazimwa huazimwi kingine mpaka uje mwenyewe, uso kwa uso, useme ulipocheka, ulipolia, na ulipotaka kukitupa kichakani. Maneno hayo waliyaita malipo. Munyiva alikuwa mvivu wa kulipa, na kila Agosti wenzake walimwimbia kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Walicheka wote, kwa maana matanga wakati huo yalikuwa mambo ya wazee.

Msomaji hasa alikuwa Syombua. Alisoma akitembea, alisoma akichunga mbuzi, na mbuzi wakala mahindi ya watu, na akachapwa, na kesho yake akasoma tena. Alikuwa na kilema kimoja tu: hakuweza kufungua ukurasa bila kulamba kidole. Alilamba, akafungua, akalamba, akafungua, mpaka pembe za vitabu zikajikunja kama masikio ya mbuzi wake. Wenzake wakampa jina la Kidole. Nzilani alimwambia siku moja atakimeza kitabu kizima, na Syombua akajibu kwamba kitabu husomwa namna hiyo, wao wengine wanatazama tu picha ya jalada.

Shule ikaisha, kila mtu akashika njia yake. Munyiva aliolewa Kangundo, kwenye kahawa na maparachichi. Nzilani alienda chuo cha ualimu, akarudi kufundisha shule ya msingi hapo hapo nyumbani, akaolewa na Nzioka, mpasua mawe wa Lukenya anayeonekana kwake mwisho wa mwezi. Syombua alipata kazi Athi River, katika kiwanda cha nguo, akawa anashona mifuko ya suruali ambazo hakuna mtu wa Kola angezivaa. Lakini Agosti ilibaki Agosti. Munyiva alikuja kwao na watoto, Syombua aliomba ruhusa kazini, na marafiki watatu wakashuka mtoni na vitabu vyao, hata baada ya kanisa kuleta bomba barabarani. Watu waliwaona wanawake wazima wamekaa kando ya shimo, wakingojea maji wasiyoyahitaji, wakatikisa vichwa na kwenda zao.

Mwaka wa 2001 Syombua hakungoja Agosti. Alikuja mwezi wa Juni, kwenye kiti cha mbele cha pikapu ya jirani, leso kichwani na sweta mbili mwilini, na alipoteremka ilibidi ashikwe kwapani. Kola haikuhitaji kuambiwa. Miaka hiyo kila kijiji kilikuwa na nyumba kama hiyo, na hakuna aliyeutaja ugonjwa kwa jina lake. Ilisemwa ni kifua. Ilisemwa ni malaria iliyopanda kichwani. Ilisemwa amerogwa na wenzake wa kiwandani kwa wivu wa cherehani. Dawa zilikuwepo, watu walisema, lakini zilikuwa Nairobi na zilikuwa za wenye nacho, na Wayua, mama yake Syombua, alikuwa mjane mwenye shamba la mbaazi.

Nzilani alijua mambo ya ugonjwa huo kuliko wengi. Alikuwa akiyafundisha. Ukutani mwa darasa lake la sita palikuwa na chati yenye picha za kikombe, sahani na mikono inayosalimiana, na chini yake yeye mwenyewe alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba haya hayaambukizi. Aliwauliza wanafunzi, wakajibu kwa sauti moja, akawapa alama. Kwa hiyo asisingiziwe ujinga. Ujinga ungekuwa afadhali.

Munyiva alipokuja Agosti, walienda pamoja kumwona mgonjwa. Walikaa kwenye viti vya sebuleni, Wayua akawapa chai, Syombua akaletwa akaegemezwa kwenye mto, wakaongea habari za kahawa na za watoto. Hakuna aliyetaja vitabu. Waliporudi, walipofika kwenye mteremko wa kwenda mtoni, Munyiva alisimama kama anayetoa jiwe kwenye kiatu.

"Unakumbuka vile Kidole alikuwa anafungua kitabu?" akauliza.

Nzilani akasema anakumbuka.

"Ile alinipatia mwaka jana niliichoma. Nilishika na koleo nikaweka kwa jiko. Niko na watoto, Nzilani. Na wewe uko na huyo mdogo, anaweka kila kitu kwa mdomo."

Nzilani alimweleza kwamba ugonjwa hauenei hivyo. Alimweleza vizuri, kwa utulivu, kama chati ya ukutani, na Munyiva akasikiliza mpaka mwisho, akasema sawa mwalimu. Wakaagana kwa amani. Jioni hiyo Nzilani aliingia kwake akamkuta binti yake Kanini, mtoto wa mwaka mmoja na kidogo, amekaa sakafuni anatafuna pembe ya kitabu, na kitabu chenyewe ni kile alichokuwa ameletewa na Syombua Agosti iliyotangulia. Alimnyang'anya kwa nguvu hata mtoto akaanguka. Akamwosha mdomo kwa maji ya chumvi, mtoto akilia, na yeye mwenyewe akilia, akijua kabisa kwamba anachofanya ni upumbavu. Hakuacha kuosha.

Siku chache baadaye alimpelekea Syombua kitabu. Ndivyo ilivyokuwa desturi na hakutaka ionekane imekatika. Alikisifu vizuri, hakusema mwisho, na Syombua akacheka kwa mara ya kwanza tangu arudi, akasema atakimaliza kufikia Jumapili, Nzilani aje apokee malipo yake.

"Kaa nacho tu," Nzilani akasema. "Usijisumbue kurudisha."

Alilisema kwa upole, na upole huo ndio uliolichafua neno lenyewe. Miaka yote hiyo, katika umaskini wao wa vitabu, hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake akae nacho. Kitabu kilirudi hata kikiwa vipande. Syombua alimtazama, akatazama kidole chake mwenyewe, akakiweka kitabu kando ya mto polepole kama mtu anayetua sahani ya moto. Akasema asante. Kisha akauliza kama Kanini ameanza kutembea.

Haikupita muda mrefu, Wayua akamtuma jirani kumwita. Nzilani alipofika, Syombua alikuwa chumbani, amelazwa ubavu, macho yamekuwa makubwa usoni. Mgeni hakukaa kitandani kama zamani. Alibaki karibu na mlango, akasingizia kwamba anapenda upepo. Juu ya meza ya dirishani palikuwa na kitabu kilichofunikwa kwa gazeti.

"Hiyo hapo," Syombua akasema, akionyesha kwa kidevu. "Chukua mwenyewe."

Nzilani akakichukua. Kilikuwa kimefunikwa vibaya, jambo la ajabu kwa Syombua, ambaye magazeti yake ya kufunikia vitabu yalikuwa yakinyooka kama shuka la hospitali. Hili lilikuwa limevimba pembeni, limegandishwa kwa ugali, na picha ya mheshimiwa fulani imekaa kichwa chini miguu juu. Nzilani alidhani ni mikono iliyokwisha nguvu. Alimhurumia, na nyuma ya huruma ikaja hofu, kwamba mikono hiyo imehangaika na kutoa jasho juu ya kitabu hiki kwa saa nyingi. Akakishika kwa ncha za vidole.

"Inaitwa Kijiji Kilichohama," Syombua akasema. Alikuwa akipumzika kila baada ya maneno machache. "Mama mmoja anaamka asubuhi, anapata kijiji yote imehama usiku. Hakuna mtu amemwambia. Anaanza kuingia nyumba kwa nyumba, anaweka mkono kwa jiko. Majivu ni baridi. Nyumba zote. Sasa kuna pahali atafika apate jiko iko na moto."

Nzilani akamkumbusha kwamba sheria inakataza kusema mwisho.

"Siyo mwisho, ni katikati. Wewe sikia. Ukifika penye moto, usiendelee. Funga kitabu, ukuje. Hata kama unapika, epua ukuje. Nataka kukuona uso kabla ujue ni nani aliwasha. Mimi nilifika hapo nikiwa peke yangu kwa nyumba, huko Athi River, nikakosa mtu wa kuambia. Nikasema mtu nitaambia ni Nzilani." Akafumba macho. "Sasa usichelewe. Unaona vile niko."

Nzilani aliahidi, na alipokuwa akiahidi hakuwa anadanganya. Alitaka kukisoma. Rafiki yake alikuwa anakufa na alikuwa ameomba kitu kimoja, kitu ambacho hata mtoto wa darasa la nne angeweza kumpa.

Alipofika kwake alikitia kitabu ndani ya mfuko wa nailoni, akaufunga fundo, akauweka chini kabisa ya sanduku la bati, chini ya vyeti vyake na shuka za harusi, akafunga kufuli. Akajiambia atakitoa Kanini akilala. Kanini akalala, akaamka, akalala tena. Akajiambia atakitoa akishamaliza kupura maharagwe. Asubuhi moja alikitoa kweli, akakiweka mezani, akakizunguka. Alifikiria kuvaa mifuko ya nailoni mikononi asome hivyo. Akajiona alivyo, mwalimu mzima, mifuko mikononi, akaona haya mpaka masikio yakawaka, akakirudisha sandukuni bila kukifungua. Kisha akanawa kwa kipande cha sabuni hadi kwenye viwiko.

Wayua alikuwa akipita hapo akienda na kurudi sokoni. Kila akipita alisimama getini, hakuingia, akauliza neno moja tu alilotumwa: umefika? Nzilani akajibu kwamba anakaribia. Mama akarudi na jibu hilo nyumbani kama mtu aliyebeba yai. Safari iliyofuata akauliza tena, naye akajibiwa vilevile. Safari ya mwisho hakuuliza. Alisema tu kwamba Syombua hali tena, hata uji.

Hapo Nzilani akajua kwamba siku zimekwisha, na badala ya kwenda kufungua sanduku akakaa akatunga uongo. Aliutunga vizuri sana, kwa maana alikuwa amesoma hadithi nyingi. Jumapili baada ya misa alikwenda nao. Aliingia mpaka ndani, akavuta kigoda, akakaa, na akajisifu moyoni kwa kukaa.

"Ulifika?" Syombua akauliza. Sauti ilikuwa imebaki kidogo tu.

"Nilifika penye moto. Nililia, Syombua. Halafu nikashindwa kungoja, nikaendelea mpaka mwisho. Unisamehe."

Ulikuwa uongo wenye akili, kwani ulifunga maswali yote. Aliyevunja sheria na kuomba msamaha haulizwi tena kama kweli alisoma. Kwenye paji la uso wa Syombua jasho lilikuwa limesimama.

"Ulifungua na nini?" akauliza. "Wembe ama kisu?"

Nzilani hakuelewa. Alitazama lile jasho, akaona ni homa imepanda, mgonjwa anaweweseka. Akamjibu kama anayembembeleza mtoto. "Nilifungua kwa mikono tu."

"Kwa mikono," Syombua akasema. Akageuza uso ukutani. "Sawa. Umelipa."

Akaomba aachwe alale. Nzilani alitoka nje, jua likampiga usoni, na ukweli ni kwamba aliona nafuu. Alitembea upesi upesi, mwepesi, kama mtu aliyetoka kung'olewa jino, na alikuwa amefika nusu ya njia ndipo nafuu hiyo ikamgeukia, akapunguza mwendo.

Syombua alikufa kabla shule hazijafunguliwa. Kola ilimzika vizuri, kwa kuwa Kola huwazika watu vizuri. Kwaya iliimba, padre alisema ni mapenzi ya Mungu, Munyiva alikuja kutoka Kangundo na gunia la maparachichi kwa ajili ya waombolezaji. Kwa vile alikuwa na sauti ya kusikika na hakwami kwenye maneno, Nzilani ndiye aliyepewa kusoma habari za maisha ya marehemu. Alisoma kwamba marehemu alizaliwa, alibatizwa, alifanya kazi kwa bidii. Alisoma kwamba marehemu alipenda vitabu na alikuwa na marafiki wa kweli. Watu wakaitikia kwa vichwa. Alipomaliza alirudi mahali pake, na Munyiva akamshika mkono, na mikono yao yote miwili ilikuwa baridi.

Baada ya mazishi wanawake walibaki kusaidia kuosha vyombo. Nzilani alikuwa kwenye masufuria wakati Wayua alipomwita ndani. Chumba kilikuwa kimebaki na chaga za kitanda peke yake. Godoro watu walikuwa wamekwisha kulichoma. Wayua aliongea Kikamba, sauti yake haikupanda wala kushuka, kama mwanamke aliyekwisha kulia kiasi chake.

"Kile kitabu, mwanangu. Moto uliwashwa na nani?"

"Mwaitu?" Nzilani akasema. Ndivyo tunavyowaita mama zetu, na ndivyo alivyomwita Wayua tangu utotoni.

"Ule moto. Alinisimulia mpaka hapo, akakataa kuendelea. Alisema atakayejua kwanza ni wewe. Mimi sijui kusoma, na sasa wewe ndiye unayejua."

Nzilani akasema ni hadithi ndefu, atamweleza siku nyingine. Wayua akakubali, akakaa juu ya chaga. Kisha akaanza kusimulia mambo ambayo hakuulizwa, kama wafiwa wanavyofanya. Alisema mwenye kwenda kukinunua Machakos mjini alikuwa yeye. Syombua alimfundisha jina la kitabu, naye akaenda akilitaja njia nzima lisimponyoke, watu wakimdhania mwendawazimu. Alisema dukani alikuta kurasa zimeshikana upande wa juu, mbili mbili, jinsi vitabu vingine vinavyotoka kiwandani kabla havijakatwa, na mwenye duka akachukua kisu amkatie. Akamzuia.

"Nilikuwa nimeambiwa asikifungue mtu," Wayua akasema. "Nilipofika nacho hapa, alikataa hata kukigusa. Akasema, weka pale mezani Mwaitu, kifunike wewe, Nzilani ana mtoto mdogo. Mimi sijawahi kufunika kitabu. Nikagandisha kwa ugali. Akaniuliza, bado zimeshikana? Nikamwambia zimeshikana zote. Akafurahi. Siku hiyo alikula."

Nzilani alisimama hapo na mikono yenye masizi, na kila kitu kikampitia kwa zamu: kidevu kilichoonyesha meza, picha iliyokaa kichwa chini, wembe ama kisu. Haikuwa homa. Syombua alikuwa na akili zake zote, aliuliza swali dogo kama la mtihani, na mwalimu akaanguka. Alijua. Alikuwa amejua tangu siku ya lile neno la kaa nacho, akatafuta namna ya kumwondolea rafiki yake hofu bila kumwaibisha, akajinyima hata kukishika kitabu alichokipenda, na alikufa akijua kwamba hilo nalo halikutosha. Nzilani alitamani kulia lakini hakuona kwa haki gani. Akarudi kwenye masufuria.

Siku iliyofuata alifungua sanduku. Alitoa mfuko, akafungua fundo, akabandua gazeti. Kilikuwa kipya. Kilinukia gundi na wino, jalada lake linang'aa, pembe zake kali zingeweza kukukata. Hakuna kidole, kikavu wala chenye mate, kilichowahi kupita humo. Alichukua wembe wa Nzioka, akakaa mlangoni penye mwanga, akaanza kukata na kusoma, kukata na kusoma. Kanini alikuja akaokota lile gazeti lenye ugali, akalitia mdomoni. Mama yake alimwona, akamwacha.

Kilikuwa kitabu kizuri. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi, kwamba kilikuwa kizuri namna ile, na kwamba alimsikia Syombua katika kila ukurasa, mahali angecheka, mahali angempiga mwenzake kwenye goti na kusema sikia hii. Yule mwanamke wa hadithi aliamka kijiji kimya. Aliita, hakuitikiwa. Aliingia nyumba ya shemeji, akagusa majivu. Aliingia nyumba ya mkunga aliyemzalisha, akagusa majivu. Aliingia nyumba ya rafiki yake wa tangu utotoni, akagusa majivu, na hapo alikaa kidogo zaidi kuliko kwingine. Nzilani alikata, akasoma. Sufuria ya githeri ilikuwa ikichemka nyuma yake. Jua lilikuwa limeanza kuinama alipofika nyumba ya mwisho kabisa, ya mtu asiyetajwa jina, na mwanamke akanyoosha mkono juu ya jiko, akauondoa haraka, kwa kuwa ulikuwa umeungua.

Aliyewasha moto alikuwa upande wa pili, ndani ya ukurasa ulioshikana.

Nzilani alifunga kitabu. Aliepua githeri. Alimfunga Kanini mgongoni kwa leso, akatoka akakaza mwendo, moyo unampiga, maneno yamemjaa mdomoni, kwa sababu ndivyo alivyokuwa ameambiwa na ndivyo mwili wake ulivyozoea kwa miaka yote ile: umefika, nenda. Alikuwa amevuka mchanga wa mto na kuanza kupanda upande wa pili ndipo alipokumbuka kwamba aliyemtuma hayupo. Miguu haikusimama. Aliendelea kupanda kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kwenda na kitabu kile.

Wayua alikuwa akifagia uani. Aliinua uso, akamwona Nzilani amesimama getini anahema, kitabu kimefungwa, kidole kikiwa katikati yake.

"Umefika?" akauliza.

Labda lilimtoka kwa mazoea tu. Nzilani akajibu kwamba amefika.

Mama aliweka ufagio chini, akajipangusa mikono kwenye kanga, akaja akakipokea kitabu. Hakujua kusoma, lakini macho alikuwa nayo. Akakigeuza upande wa juu, akapitisha kidole gumba polepole kwenye kurasa zilizokatwa, zenye nyuzi nyuzi za wembe, mpaka katikati, na kidole kikasimama. Kutoka hapo kwenda mbele kurasa zilikuwa laini, zimekunjwa, hazijaguswa.

"Bado zimeshikana," Wayua akasema.

Mgongoni mwa Nzilani, Kanini alikuwa ameamka, ananyoosha mkono kutaka kitabu. Wayua alimtazama mtoto, akamtazama mama yake, na usoni mwake hapakuwa na hasira, afadhali ingekuwepo. Akamrudishia Nzilani kitabu, akaokota ufagio, akaendelea kufagia pale ambapo watu wa matanga walikuwa wamekaa.